Chumvi, Soda Kali na Makonyo Yetu



Baada ya mavuno yaliyopita alitufikia mwanachama mmoja kutoka shamba, akiwa na kopo mkononi. Kopo lenyewe lilikuwa la kostiki soda, ile ambayo wengi wetu twaiita soda kali, inayouzwa madukani kwa ajili ya kutengenezea sabuni. Mkewe alikuwa uani akitengeneza sabuni ya nazi. Soda aliyokwisha kuiyeyusha aliitia katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, akaiweka chini, kisha akaingia ndani kumpokea mgeni. Mtoto wao wa miaka minne akaifungua chupa. Mungu alimhurumia, hakuimeza. Lakini ilimmwagikia, ikamwunguza midomo, kidevu na mkono wa kulia, na hata leo vidole viwili vya mkono huo havikunjuki sawasawa.

Mwanachama yule hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza maswali matatu. Kitu hiki ni nini hasa? Chatoka wapi? Na kama ni kikali namna hii, kwa nini chauzwa dukani pamoja na unga na sukari? Tuliona haya kidogo, maana hatukuwa na jibu la kumpa papo hapo. Basi tumesoma, na tumeuliza kwa wanaojua, na majibu yake ndiyo haya. Tumeyaandika kwa wanachama wote kwa kuwa nyumba nyingi za shamba zina kopo kama lile. Na tena kwa kuwa, kama mtakavyoona mbele, soda hii imeingia katika biashara ya karafuu zetu zaidi ya tulivyodhani.

YATOKA KATIKA CHUMVI

Tuanze na swali la pili, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Soda kali yatoka katika chumvi. Wala si chumvi ya ajabu. Ni hii hii tunayotia katika mchuzi, ambayo watu wa pwani huipata kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani katika majaruba.

Wataalamu wa kemia watufahamisha kwamba chumvi ni mwungano wa vitu viwili. Cha kwanza huitwa sodiamu, nacho ni madini laini yanayokatika kwa kisu, na yakitiwa majini huchachamaa na kuweza kuwaka moto. Cha pili huitwa klorini, nacho ni hewa yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, harufu yake yakaba koo, na mtu akiivuta kwa wingi yaweza kumwua. Kila kimoja peke yake ni hatari. Viwili vikiungana vyawa kitoweo. Kazi ya kiwanda, basi, ni kuvitenganisha.

Namna yenyewe ni hii. Chumvi huyeyushwa katika maji mpaka maji yasiweze kupokea zaidi. Maji hayo husafishwa, kisha hupelekwa katika chombo chenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa utando mwembamba. Katika kila chumba mna bamba la madini, na umeme mwingi hupitishwa kutoka bamba moja hadi la pili. Katika chumba cha kwanza klorini hupanda kwa mapovu, ikakusanywa kwa mabomba. Katika chumba cha pili hupanda haidrojeni, ambayo ni hewa nyepesi kuliko zote, na ndani ya maji hubaki soda kali. Maji hayo yakichemshwa mpaka yakauke, hubaki kitu cheupe kama vipande vya nta au punje ndogo. Hicho ndicho kinachotiwa katika makopo na magunia, kikafika kwetu kwa meli.

Kwa wanaopenda hesabu, kilo 100 za chumvi zikivunjwa zote hutoa karibu kilo 68 za soda kali, kilo 61 za klorini na chini ya kilo 2 za haidrojeni. Mtu atasema, mbona jumla yapita 100? Ni kweli, yapita, kwa sababu sehemu ya maji nayo imevunjwa na kuingia katika hesabu.

ZAMANI ILIKUWAJE

Njia hii ya umeme si ya siku nyingi sana. Kwa miaka mingi watu wa nchi mbalimbali walipata maji makali ya kutengenezea sabuni kwa kuchuja majivu ya kuni. Viwanda vya sabuni, vioo na nguo vilipokua huko Ulaya, majivu hayakutosha. Mwaka 1791 tabibu mmoja wa Ufaransa, Nicolas Leblanc, alipata hati ya serikali kwa njia ya kutoa magadi katika chumvi kwa kutumia tindikali ya salfa, makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Njia yake iliwatajirisha wengine, lakini mwenyewe alinyang'anywa kiwanda wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, akafa maskini mwaka 1806 kwa kujiua.

Viwanda vya namna ya Leblanc vilitoa mvuke wa tindikali ulioua miti na mazao ya majirani. Uingereza ililazimika kutunga sheria mwaka 1863 kuwazuia wenye viwanda wasiuachie mvuke ule hewani. Mkulima ye yote atafahamu kwa nini sheria ile ilitakiwa. Mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay aliandikisha njia nyingine iliyo safi zaidi, nayo yatumika mpaka leo kutengeneza magadi kwa chumvi na mawe ya chokaa. Miaka ya 1890 ndipo njia ya umeme ilipoanza kufanya kazi kwa wingi viwandani. Viwanda vingine vilitumia zebaki, ambayo ni sumu. Siku hizi zebaki imeachwa katika viwanda vingi, na mahali pake umekuja ule utando tulioutaja.

Sisi wa Afrika ya Mashariki magadi tunayo. Ziwa Magadi, huko Kenya, limejaa magadi yaliyoganda, nayo yamechimbwa kwa biashara tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Magadi ndiyo yale ambayo wapishi hutia katika maharage yalainike upesi. Si makali kama soda ya kopo. Lakini magadi yakichemshwa pamoja na chokaa na maji, chokaa huchukua sehemu moja ya magadi na kuzama chini kama vumbi jeupe, na maji yanayobaki juu ni soda kali yenyewe. Hii ni njia ya zamani, nayo yatuonyesha jambo moja: chokaa tuliyokuwa tukiichoma kwa matumbawe katika tanuu, na magadi ya jikoni, na kopo la dukani, vyote ni watu wa ukoo mmoja.

KWA NINI YAUZWA DUKANI

Sasa swali la tatu. Soda kali yauzwa dukani kwa sababu bila yake hakuna sabuni ya mche. Mafuta yo yote, yawe ya nazi, ya mawese au ya mnyama, yameundwa kwa sehemu mbili zilizoshikana: gliserini, ambayo ni maji mazito matamu, na tindikali za mafuta. Mwenye kulieleza jambo hili vizuri alikuwa Mfaransa Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Soda kali yaingia kati, yaifukuza gliserini, na yenyewe yashikana na zile tindikali. Huo mshikamano mpya ndio sabuni. Ncha moja ya sabuni hupenda mafuta na ncha ya pili hupenda maji, na kwa hiyo huweza kuuvuta uchafu wa mafuta kutoka katika nguo na kuutia majini.

Sabuni ikitengenezwa kwa kipimo kizuri na kuachwa ikomae, soda yote huwa imekwisha kugeuka, wala haiungui mkono. Kipimo kikizidi, soda nyingine hubaki haina kazi, nayo hutafuta kazi katika ngozi ya mwenye kuoga. Hii ndiyo sababu ya sabuni nyingine za nyumbani kuwasha.

Kwa wanachama wanaotengeneza sabuni ya nazi majumbani, kipimo salama ni hiki: mafuta ya nazi kilo 1, soda kali safi gramu 170, na maji gramu 350. Pimeni kwa mizani. Msipime kwa kibaba wala kikombe, kwa maana soda ya punje na soda ya vipande hazijai sawa, na kikombe kimoja chaweza kuwa na uzito mbalimbali. Kipimo hiki chaacha mafuta kidogo yasiyogeuka, na hilo ni jema kwa ngozi.

Tieni soda ndani ya maji baridi kidogo kidogo, huku mkikoroga kwa mti. Msimwagie soda maji kamwe. Mkifanya hivyo itachemka ghafla na kuwarukia usoni. Hata mkifanya sawasawa, maji yatapata moto wa kutoa mvuke bila ya kuwekwa jikoni; simameni upande upepo unakotoka, msiuvute mvuke ule. Yaacheni yapoe, ndipo myamimine katika mafuta na kukoroga mpaka yawe mazito kama uji. Mimineni katika sanduku, na katikeni vipande sabuni ikiisha kuganda. Vipande viwekeni penye hewa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuvitumia. Sabuni ya nazi ina sifa yake: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, nayo ni neema kwa wavuvi.

Angalieni chombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na soda kali huila alumini. Sufuria itachemka, itatoa haidrojeni inayoweza kushika moto, na mwisho itatoboka. Jambo la kuchekesha ni kwamba alumini yenyewe hupatikana kwa msaada wa soda hiyo hiyo: udongo mwekundu uitwao boksiti hupikwa katika soda kali ili alumini itengwe na kutu ya chuma. Soda iliyosaidia kuizaa sufuria ndiyo itakayoila. Tumieni ndoo ya plastiki nzito, au chombo cha chuma cha pua.

IKIMWAGIKA

Sasa swali la kwanza, kitu hiki ni nini hasa. Mwenye kuelewa habari ya sabuni ameshalielewa. Mwili wa mtu una mafuta na nyama. Soda kali ikiugusa hufanya kazi ile ile inayofanya katika ndoo: huyageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, na huiyeyusha nyama. Ndiyo maana mtu akiigusa huhisi utelezi kwanza. Utelezi ule ni ngozi yake mwenyewe. Wala haisimami ilipoanguka, huendelea kuingia ndani mpaka ioshwe.

Basi dawa ni maji, na maji mengi, na upesi. Kama ni soda kavu, ipanguseni kwanza kwa kitambaa. Vueni nguo zilizolowa. Osheni mahali pale kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Kama ni jicho, lifungueni kwa vidole, mlioshe kwa maji safi dakika 30, kisha mwende hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwa kuwa jicho laweza kupotea baadaye.

Kama mtu ameimeza, msimtapishe. Iliyochoma koo ikishuka italichoma tena ikipanda. Asukutue kinywa, kisha mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue kopo lenyewe akalione tabibu.

Tumesikia kwamba baadhi yetu hupaka ndimu, siki, majivu au mafuta. Nia ni njema lakini tendo si jema. Ni kweli ndimu ni tindikali na tindikali huizima soda, lakini zikikutana hutoa joto, na joto hilo huongeza kuungua. Mtoto wa mwanachama wetu alipakwa mafuta kwanza, akaoshwa baadaye. Tabibu aliwaambia wazazi wake kwamba zile dakika za mwanzo ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote.

Na hili twawasihi kwa kauli moja: msitie soda kali, wala dawa nyingine yo yote, katika chupa ya maji, ya soda ya kunywa, au ya juisi. Mtoto hajui kusoma, bali chupa aijua. Iacheni katika kopo lake, lifungeni, liwekeni juu. Wala msiliweke kopo hilo, au dawa zenye harufu, katika ghala moja na karafuu. Karafuu hushika harufu upesi, na mnunuzi ana pua.

KLORINI, NDUGU YAKE

Tumesema kwamba kila chumvi ivunjwapo, soda kali na klorini huzaliwa pamoja. Kiwanda hakiwezi kutengeneza moja bila ya nyingine. Kwa hiyo ulimwengu umelazimika kuitafutia klorini kazi, na kazi zimekuwa nyingi.

Kazi nyingine zilikuwa za shari. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini na kuiachia upepo uipeleke kwa adui. Lakini kitu hicho hicho kimeokoa watu wengi mno. Wazee wetu walisimuliwa habari za kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilichoteketeza watu hapa Unguja. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kuyatia maji dawa. Mwaka 1897, katika mji wa Maidstone huko Uingereza, unga wa klorini ulitumiwa kusafishia maji ya mji baada ya homa ya matumbo kuzuka. Na tangu mwaka 1908 mji wa Jersey City katika Marekani ukawa ukiyatia maji yake klorini kila siku. Desturi hiyo imeenea duniani. Harufu ile ya maji ya bomba, ambayo wengine huilalamikia, ndiyo mlinzi wenyewe.

Klorini ikiingizwa katika maji baridi ya soda kali, wale ndugu wawili hukutana tena kwa namna nyingine, na hupatikana maji ya kung'arishia nguo nyeupe, yale ya chupa yanayouzwa madukani. Yafaa kwa kanzu na mashuka meupe, na yafaa kuulia vijidudu sakafuni na chooni. Lakini yana masharti mawili. Kwanza, msiyachanganye na dawa ya choo yenye tindikali, wala siki, wala ndimu, kwa kuwa klorini itatoka tena kama ilivyokuwa na kumkaba mtu katika choo kidogo kisicho na dirisha. Pili, hupoteza nguvu kwa joto na jua. Chupa iliyokaa mwaka mzima kibarazani haina tofauti kubwa na maji ya chumvi.

Kwa maji ya kunywa, tumieni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, na mfuate kipimo kilichoandikwa, mkayaache maji nusu saa kabla ya kunywa. Msikadirie kwa jicho. Na kisima kikiingiwa na maji ya masika, mwiteni Bwana Afya akipime na kukitia dawa mwenyewe.

Sehemu kubwa ya klorini ya leo huingia katika plastiki ya mabomba, haya tunayovutia maji mashambani. Zaidi ya nusu ya uzito wa bomba la namna hiyo ni klorini, yaani ilianza safari yake kama chumvi.

SODA KALI NA MAKONYO

Sasa tumefika mahali ambapo jambo hili laingia katika mfuko wa mkulima.

Wanachama wa Pemba wanakijua kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, ambako makonyo hutiwa katika mitungi mikubwa na kupitishwa mvuke wa moto. Mvuke huyachukua mafuta, hupozwa katika mabomba, na maji na mafuta hujitenga. Mafuta ya karafuu, tofauti na mafuta mengi, huzama chini ya maji. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kama kilo 5 au 6 za mafuta, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Yujenoli ndiyo yenye harufu ya karafuu, ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na ndiyo ambayo madaktari wa meno huchanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda.

Kwa kuipata peke yake, wataalamu wa ng'ambo huyatikisa mafuta ya makonyo pamoja na maji ya soda kali. Yujenoli ina tabia ya tindikali dhaifu, kwa hiyo hushikana na soda na kuingia majini. Vitu vingine vilivyomo katika mafuta hukataa, vikaelea juu, vikaondolewa. Kisha maji yale hutiwa tindikali. Soda huiacha yujenoli na kuifuata tindikali, na yujenoli safi hujitenga. Ni kazi nyepesi kuieleza, na haiwezekani bila ya lile kopo.

Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, waligundua njia ya kutengeneza vanilini, yaani ile ladha ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Mwishoni mwa karne ya 19 ikajulikana kwamba yujenoli ya karafuu, ikipikwa na soda kali au ndugu zake na kisha kupewa oksijeni, yaweza kugeuzwa vanilini. Kwa muda wa miaka mingi vanilini ya viwandani ilitegemea mafuta ya karafuu. Mtu aliyekula peremende au aiskrimu ya vanila huko Ulaya alikuwa akila mkarafuu bila ya kujua, na makonyo ya visiwa vya Bahari ya Hindi yakapata mnunuzi.

Kisha, katika miaka ya 1930, mambo yakageuka. Viwanda vya karatasi vya Marekani na Kanada vilikuwa vikipika mbao, vikichukua nyuzi, na maji meusi yaliyobaki vikiyamwaga mitoni, mpaka watu wa mitoni wakalalamika. Wataalamu wakaona kwamba katika taka ile mna kitu kinachoweza kugeuzwa vanilini. Walikipika kwa nini? Kwa soda kali na hewa. Soda ile ile iliyokuwa ikiyafungua mafuta yetu, ikaifungua taka ya karatasi. Na taka haina bei, wala haipandwi, haipaliliwi, haichumwi kwa kupanda juu ya mti wala haianikwi juani. Soko lile la vanilini likatuponyoka. Baadaye taka za karatasi nazo zikapitwa: sehemu kubwa ya vanilini ya leo hutengenezwa kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya petroli, ingawa Norway bado wanayo ile ya mbao.

Twawaeleza haya kwa sababu tumezoea kusema, bei ikianguka, kwamba ni hila ya mnunuzi au wingi wa mvua katika nchi nyingine. Mara nyingine ni hivyo. Lakini mara hiyo karafuu haikuwa mbaya, mkulima hakuwa mvivu, na mnunuzi hakudanganya. Mtu alikaa mezani mbali sana na hapa, akauliza swali kama aliloliuliza mwanachama wetu, kitu hiki ni nini na chatoka wapi, akapata njia iliyo rahisi zaidi. Mkulima asiyejua bidhaa yake yafanya kazi gani ikiisha kuvuka bandari, hujua habari ya namna hiyo siku ya mwisho.

Wala si kwamba tumepoteza yote. Kemia imeyafunga mengine na kuyafungua mengine. Madaktari wa meno bado waitaka yujenoli. Watengenezaji wa sabuni za manukato na dawa za meno wayataka mafuta. Na siku hizi wako walaji wanaotaka ladha itokanayo na mmea, si petroli, na zimepatikana njia za kutumia vijidudu kuigeuza yujenoli kuwa vanilini tena. Njia iliyofungwa miaka ya 1930 yaweza kufunguka kidogo kwa mwenye mafuta mazuri.

Basi yaliyo mikononi mwetu ni haya. Makonyo yasitupwe shambani baada ya uchambuzi. Yaanikwe juu ya majamvi mpaka yakauke, yasichanganywe na majani, mchanga wala vijiti, kwa kuwa mwenye kukamua hukamua mafuta, na mchanga hauna mafuta. Yasiloweke, maana yakioza mafuta hupungua. Na watoto wetu wenye kupenda masomo ya kemia shuleni tusiwaambie kwamba somo lile ni la watu wa mjini.

Mwanachama yule ametuomba tuandike pia kwamba mkewe hajaacha kutengeneza sabuni. Sasa ana mizani, ndoo yenye kifuniko, na kopo lake liko juu ya boriti. Na ndoo ya maji safi husimama karibu naye tangu anapoanza mpaka anapomaliza.

Sisi wenu katika chama.